Jaketi la Koplo

Jumatano, 5 Machi 2025

Revo wangu,

Leo nimepakwa majivu. Padri alinigusa kipaji cha uso kwa kidole cha joto, akasema yale maneno ya mavumbini utarudi. Nikajiuliza — na aliye majini je? Yeye atarudi wapi? Sikumuuliza. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Nimerudi Mkolani na majivu yangu usoni. Shamsa wa jirani akanichungulia dirishani: "Sabina, leo umepika kwa kuni?" Nikacheka! Sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho. Yeye yuko kwenye Ramadhani, mimi naanza Kwaresima. Akasema mtaa huu sasa wanaokula mchana ni mbwa tu.

Kisha Obedi akapiga simu kutoka Misungwi. Mdogo wako siku hizi hana salamu, anaanzia katikati. Anasema ukoo umekaa. Ziwa lingekuwa la kukutoa lingeshakutoa. Jumamosi ya wiki ijayo watakata mgomba mmoja nyuma ya nyumba ya Mama, wauvishe sanda, wauzike kwa jina lako. Ndivyo walivyomzika babu yenu mdogo aliyepotelea vitani. Kwenu Uhayani mtu asiyeonekana anazikwa kwa mgomba, na baba yenu alipohamia Misungwi alikuja na migomba na hayo mengine yote.

Kwetu Usukumani sijayaona. Nikasema, "Sawa, shemeji."

Ningesema nini kingine?

Koplo yuko mezani, pale ulipomwacha. Sijamgusa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimemfuta vumbi. Nimetumia brashi yako ya kupakia gundi, ile laini. Nataka niandike alivyo, maana naona vitu vinaanza kunitoka. Jana nilisahau ulikuwa unaanza kuvaa soksi ya mguu gani. Nilikaa sana nikiwaza soksi.

Koplo ana urefu wa rula ya shule. Ulisema mtu wa kweli ukimgawa mara sita unampata huyu, kwa hiyo chochote anachovaa nacho kigawanywe mara sita, la sivyo ni mdoli. Ulimtoa kwenye belo la mitumba kule Buhongwa, uchi, mguu umelegea, Mzungu wa plastiki. Ukampaka rangi ya kwetu. Mchana ulishona maturubai ya malori na ya maboti, jioni ulimshonea yeye.

Buti zake ni ngozi ya pochi yangu ya harusi. Zina kamba za kweli. Kofia ya chuma uliigonga kutoka kopo la maziwa ya unga, ukaivisha wavu wa mfuko wa vitunguu. Chupa ya maji ina kizibo kinachozunguka. Begi la mgongoni ukilifungua lina blanketi, na ndani ya blanketi kuna kijiko.

"Nani atakiona hicho kijiko?" nilikuuliza.

"Yeye anajua kipo," ulisema.

Na magwanda! Shamsa alipoona kitambaa cha mabakamabaka alishika kichwa. "Nyie mtakamatwa! Raia na nguo za jeshi?" Ukamwambia hayo ni mabaka ya nchi yako mwenyewe, rangi ya majani ya mgomba na udongo wa kahawa, na polisi atakayekuja amvue Koplo kwanza. Tangu siku hiyo Shamsa akipita anampigia saluti.

Ulikataliwa jeshini baada ya JKT kwa sababu ya lile jicho lako bovu. Hukuwahi kulalamika. Ulishona tu.

Jaketi okozi lilikuwa la mwisho. Ulisema askari wa ziwani asiye na jaketi ni picha ya kalenda. La rangi ya chungwa, ndani umejaza vipande vya kandambili yangu. Ulilijaribu kwenye beseni la kufulia, ukimshikia kwa kidole upande wa kushoto, maana kule kifungio kilikuwa bado. Koplo akaelea chali, uso juu! Ukapiga makofi peke yako kama mtoto.

Kifungio cha kushoto ulisema utakimalizia ukirudi. Ulikuwa unapeleka turubai visiwani, kulala siku moja tu.

Aliyeokoka boti yenu ilipozama alinieleza pale mwaloni, boti zinapotia nanga. Majaketi yalikuwepo. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba juu ya paa la boti, mapya, kwenye nailoni zake. Hakuna aliyevaa hata moja. Upepo ulipokuja hakuna aliyeweza kufungua zile kamba.

Basi. Nimemrudisha pale pale.

Jumapili, 9 Machi

Mama amekuja na Obedi baada ya misa. Ameleta ndizi za kupika, amezibeba mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Nikapiga goti nikamwamkia. Akanishika mkono asiuachie mpaka tukaingia ndani.

Obedi ndiye aliyemwona Koplo kwanza. Alisimama mlangoni, hakuvuka.

"Shemeji, hicho nini?"

Nikamweleza. Anajua ulikuwa unashona vitu vya wateja wa nje, lakini hakuwahi kuona aliyevaa vyote. Akasema taratibu, kama anayeogopa kusikiwa na aliye mezani, "Hicho ndicho kinachomshikilia huko majini. Mtu hatengenezi mtu mwenzake hivi, mpaka kucha. Kichomwe."

"Nyamaza," Mama akasema. "Umekuwa mganga lini wewe?"

Akaenda mezani. Akamchukua Koplo kwa mikono miwili, akampeleka kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole kidevuni kwa Koplo.

"Nani kamwekea kovu la mwanangu?"

Revo, sikuwa nimeliona! Nimeishi na Koplo miaka yote hiyo. Kamstari kadogo, upande wa kulia. Lile kovu la baiskeli ya mwalimu, uliyoiiba ukiwa darasa la nne. Mama akakaa chini kwenye sakafu, na kiti kipo. Akalia bila sauti. Mimi nikakaa naye. Obedi akatoka nje kupiga simu isiyo ya mtu.

Kisha Mama akasema: "Mgomba siuziki. Nilizaa mtu, sikuzaa mgomba. Tutamzika huyu."

Nikamtazama Koplo mikononi mwake.

"Nataka kaburi, Sabina. Nipate pa kufagia. Asubuhi nikiamka nina ufagio mkononi na sina pa kwenda."

Nikasema Koplo ni kitu chako cha mwisho kwangu. Akatikisa kichwa, hakukasirika. Akasema anajua. Akasema mimi ndiye mke, hawezi kuninyang'anya, nitamleta mwenyewe Jumamosi kwa mikono yangu au nisimlete. Akaligusa lile jaketi linaloning'inia kwa kifungio kimoja.

"Ila hili umvue. Mtu akizikwa na nguo ya kuelea hatulii. Atabaki katikati, juu siyo, chini siyo."

Wameondoka kabla ya mvua. Ndizi zimebaki jikoni, mkungu mzima. Nitazila na nani?

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimemkuta buti zimelowa.

Magwanda makavu, kofia kavu, buti tu. Na tone moja mbele yake mezani, kama aliyetoka mahali akasimama. Nikashindwa kuingia chumbani. Nilisimama na kanga mdomoni.

Ndipo likadondoka tone jingine. Bati linavuja, pale pale ulipokuwa ukisema utaliziba.

Nimezianika dirishani, zimeelekea nje. Kwa nini nimeandika hivi? Ni bati tu.

Jumanne, 11 Machi

Siwezi kushona. Nina sare za shule za kumalizia, nimekosea kola mara mbili. Shamsa akaja kabla ya kufuturu, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi vyake kwangu kwa sababu eti kwake viazi vinamtazama.

Nikamweleza yote. Shamsa bwana! "Mimi mama mkwe wangu angenililia hivyo ningezika hata cherehani." Nikacheka tena, nikajichukia kidogo.

Akamenya. Kisha akauliza bila kunitazama, "Bado unamngoja?"

Nikasema nasikia geti. Kila jioni, saa ulizokuwa unarudi, nasikia komeo linavyolia. Ninapotoka ni upepo, au mbuzi wa watu. Lakini natoka.

"Sawa," akasema, "mngoje. Wewe bado kijana, una nguvu za kungoja. Lakini usimngojeshe yule bibi naye."

Adhana ikasikika. Akala tende moja, akanipa moja. Alipotoka hakupiga saluti.

Alhamisi, 13 Machi

Simu yako uliyoiacha nyumbani imelia ujumbe. Huwa naichaji, sijui kwa nini. Ni yule mteja wa Polandi, anayenunua vifaa vya askari wake na kupiga picha kwenye theluji. Hajui. Anauliza, jaketi limefikia wapi? Mkanda wa kushoto unafunga kweli, au ni wa maonyesho?

Nimekaa na hiyo simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Nikajaza beseni. Nikamweka Koplo majini na jaketi lake la kifungio kimoja, nione tu. Aliinama. Kisha akajigeuza polepole, upande wa kushoto ukaachia, akalala kifudifudi. Kofia ikamtoka. Blanketi likaanza kutoka kwenye begi —

Nilimnyakua! Nikamkausha kwa kanga, nikampulizia masikioni, mimi mtu mzima. Nikawa naongea naye, sijui nilikuwa nasema nini. Nadhani nilikuwa nasema pole.

Halafu nikatafuta sindano yako ile nyembamba na koleo ndogo. Wewe ulijifunzia mshono mdogo kwangu, unakumbuka? Kwenye vishimo vya vifungo vya mashati ya watoto. Ulikuwa na vidole vikubwa, ukitukana Kihaya. Nimekunja waya kama ulivyokunja wa kulia. Wa kwanza ulikatika. Wa pili ulikuwa mkubwa, haukuwa wa moja kwa sita, nikautupa. Wa tatu ukakaa. Nikashona mkanda kwa uzi mweusi, maana wa chungwa umeisha, umekwenda nao mfukoni nadhani.

Nikafunga. Ukalia — mlio mdogo kama wa mdudu.

Nikamrudisha majini. Akaelea chali. Uso juu, kovu juu. Nikamsukuma chini kwa kidole, akarudi. Nikamsukuma tena, akarudi.

Nimemjibu Mpolandi kwa maneno ya simu ile inayotafsiri: unafunga kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Obedi yuko nje na gari la kukodi. Limezimwa, limewashwa, limezimwa. Shamsa amekaa kiti cha nyuma, amevaa baibui lake la misiba, anamwambia Obedi honi si ya kupigia mjane.

Nimevaa gauni jeusi ulilosema linanifanya mrefu.

Mama amepiga simu alfajiri. Kaburi limechimbwa, la mtu mzima, amekataa wachimbe dogo. Mgomba nao wameukata, umelala kivulini ukitoka maji, iwapo nitakuja mikono mitupu. Hatanilaumu. Amefagia njia kutoka mlangoni mpaka shimoni. Sauti yake ilikuwa nyepesi, Revo. Ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo nitampeleka. Jana niliamua, nikalala vizuri. Sanda nimeshona mwenyewe, moja kwa sita, pindo mbili. Nimempanga kijiko ndani ya blanketi. Nimempaka mafuta buti. Nimekaa naye hapa mezani niandike haya kisha nimvue jaketi, nimfunike, nitoke.

Kifungio cha kulia, kile chako, nimekifungua. Kimefunguka bila shida, ulikitengeneza vizuri.

Cha kushoto nimekishika. Kinateleza. Labda ni mafuta ya buti. Nimejifuta vidole kwenye gauni, nimekishika tena. Dirisha liko wazi, mvua inanyesha upande wa ziwa, huku bado. Nikivuta tu, kitafunguka. Ni waya mdogo.

Obedi ameacha honi, amekuja mlangoni. Anaongea vizuri leo. "Shemeji, twende. Mama amesimama juani."

Nimesema, "Nakuja."

Na geti, sasa hivi, limelia komeo lake. Obedi hakugeuka. Shamsa yuko garini. Sitoki kuangalia, leo sitoki.

Kidole kiko kwenye waya. Revo, kama uko chini au kama unaelea, mahali popote ulipo, nikumbuke.