Wifi Yangu, Ahsante kwa Barua Yako ya Ushahidi

Barabara ya Pili, Nyumba 418,
Calumet, Michigan.
9 Machi 2024

Mpendwa wifi Lorna,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku tuliofukiwa na theluji. Goti lako linaendeleaje tangu uteleze kwenye ngazi? Na shemeji Curtis, bado anakataa kwenda kupima macho? Sisi tu wazima. Tessa amerefuka mpaka suruali zote zinamwishia juu ya vifundo, na Eino ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila akisema "shangazi" anapiga mluzi.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisoma jikoni nikiwa nimesimama, koti bado mwilini, nikalia. Kwenye simu ulinisikia nikibabaika tu, nawe hukunihoji. Sasa nimetulia, nataka nikueleze yote.

Unajua mimi na kaka yako Rodney hatujaachana kisheria. Januari alinitumia fomu ya kodi aliyokwisha kuijaza, mume na mke pamoja, kama tulivyofanya miaka kumi na mitatu. Alibandika karatasi ya njano pale pa kutia sahihi. Alisema tukijaza pamoja tutarudishiwa zaidi, na kwamba ndoa ni ndoa mpaka hakimu aseme vingine. Nilishaichukua kalamu, wifi. Kilichonizuia ni mapato yake ya kuezeka mapaa: aliandika ya miezi miwili tu, na mimi na wewe tunajua alikuwa juu ya mapaa mpaka Novemba.

Nikaenda maktaba kwa Mwalimu Wiitala. Yule aliyetufundisha useremala mimi na Rodney, siku hizi kila majira ya baridi anawajazia watu fomu bure. Aliisoma ile fomu kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Ukitia sahihi hapa, binti, uongo wake unakuwa wako," akaniambia. "Wakija kudai, hawatauliza nani alipanda paa."

Akanieleza njia mbili zilizobaki. Ningeweza kujaza peke yangu kama mke wa mtu, lakini ningepoteza nafuu nyingi, na kwa mshahara wangu wa kuoka pasti, hizi pai za nyama, sidhani kama nyumba hii ningebaki nayo mwaka mwingine. Au nijaze kama mkuu wa kaya, kwa kuwa watoto na gharama za nyumba viko mikononi mwangu. Ila kwa hiyo ya pili, mume asiwe ameishi nyumbani katika miezi sita ya mwisho ya mwaka.

"Aliondoka lini?" akauliza.

"Baada ya gwaride la tarehe nne Julai," nikasema, bila hata kufikiri.

Mwalimu akaweka penseli chini. Kwa tarehe hiyo, siku nne ndani ya ile miezi sita, nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikikata ubao upande usiofaa.

"Haya niambie, moto wa Juhannus mwaka jana kuni alipanga nani?"

Unajua tangu baba yako afariki, moto huo wa sikukuu ya Juhannus, kila mwishoni mwa Juni kule ufukweni, hupangwa na Rodney, na hamruhusu mtu mwingine kugusa hata kijiti.

"Nilipanga mimi," Mwalimu akasema. "Zikaporomoka kabla hazijawashwa, kaunti nzima ikanicheka. Mpaka leo mke wangu akiniona na kuni anasogea pembeni. Rodney angekuwepo, ningeaibika mimi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wifi, nilikuwa nimewaambia watu wote, na watoto pia, kwamba Rodney amekwenda kazini atarudi. Kanisani nilisema hivyo, hata kwenye moto wenyewe nilisema hivyo. Nilikiri baada ya gwaride tu, pale Tessa aliponiuliza mbele ya watu. Uongo ule niliurudia mpaka mimi mwenyewe nikauamini, na nusura uninyang'anye nyumba. Naona haya kuandika, lakini wewe nitakuficha nini.

Mwalimu akasema anayajua ya moto, ila ofisi ya kodi ikihoji siku moja, haiwezi kupelekewa rundo la kuni. Itataka karatasi. Na karatasi ya kuonyesha Rodney alikuwa wapi unayo wewe peke yako, uliyempokea.

Siku tatu nilishindwa kukupigia. Nilijua naomba nini: dada wa mtu aandike dhidi ya kaka yake. Nilipomaliza kukuomba nilidhani ndiyo nimekupoteza, na nilishajiandaa kukuelewa. Kisha ukasema, "Nipe siku mbili niongee naye kwanza." Sikujua kama mtu anaweza kunitendea haki mimi na kumheshimu ndugu yake kwa pumzi moja.

Umeandika kwamba alifika kwako Jumatano, tarehe 14 Juni, na tangu hapo analala chumba cha chini. Ukaweka na nakala ya kibali cha kuegesha gari lake, chenye tarehe. Rodney alinipigia akiwaka. Alisema nimemgeuza dada yake. Nikamwambia dada yake hageuzwi na mtu, na yeye anajua. Akacheka kidogo, halafu akaomba kuongea na Eino. Nashukuru hata kwa hilo.

Jana nimetia sahihi fomu yangu kama mkuu wa kaya. Usiku nililala moja kwa moja mpaka asubuhi, jambo ambalo sijalifanya tangu Juni.

Nimekuokea nisu, ule mkate mtamu wa iliki, uko kwenye boksi pamoja na picha za watoto. Msalimie sana shemeji Curtis, na shangazi Hilja ukimpigia. Msalimie na Rodney pia, namaanisha kweli. Mungu akulipe mema kuliko niwezavyo mimi, na goti lako alipe nguvu.

Nikusimulie la mwisho. Mwalimu alipokuwa akiweka karatasi zako kwenye faili langu, alitaka kuandika juu yake wewe ni nani kwangu. Nikamwambia wifi. Akasita, akasema talaka ikitoka itabidi tubadilishe hapo, kwa hiyo ataandika kwa penseli. Nikampa kalamu ya wino.

Ni mimi wifi yako nikupendaye,
Aila