Sindano Juu ya Duka la Rangi

3 Machi
Mdogo wangu, shikamoo yako nimeipata, marahaba. Sisi wazima, ila kisukari changu ndicho hicho, kinapanda kinashuka. Wewe na maabara yenu huko ughaibuni mnaendeleaje?

Nina jambo la wanaume. Tangu mwaka jana mashine imegoma. Vidonge nimemeza mpaka kichwa kinagonga, wapi! Sasa juu ya duka la rangi, jirani na karakana yangu, kuna daktari kafungua kliniki. Anakutoa mafuta ya tumboni, anachuja seli changa, anakudunga kulekule. Eti zinaotesha mishipa mipya. Shemeji yako hajui. Wasemaje, msomi?
Kaka yako

6 Machi
Shikamoo kaka. Huku salama.

Seli hizo zipo, huitwa seli shina, na watafiti wanazijaribu kwa tatizo hilohilo. Lakini bado ni majaribio. Asikuahidi mtu. Muulize anazichujia wapi na nani kampa kibali. Akikasirika, ondoka. Anza na hospitali kubwa, wenye kisukari wana matibabu mengine. Nakusihi, tuongee kwanza.
Mdogo wako

2 Aprili
Mdogo wangu, hujambo? Usinifokee, nimeshadungwa. Nilimuuliza maswali yako, akacheka: “Mzee, umekuja kupona au kunihoji?” Ukumbi mzima ukanigeukia, nikaona haya kuondoka.

Pamevimba, na joto la mwili limepanda. Anasema ndiyo seli zinafanya kazi. Usiku natetemeka, namwambia mke wangu ni malaria.
Kaka yako

2 Aprili
Kaka, shikamoo. Hizo si seli, ni vijidudu, na kwa sukari yako havisubiri. Nenda hospitali sasa hivi. Mwambie shemeji ukweli. Mbona simu hupokei?
Mdogo wako

5 Aprili
Shemeji, salama? Naandika kwa simu ya kaka yako. Nimesoma yote.

Alianguka karakanani, mashine ya kuchomelea bado inawaka. Hospitali wamekata nyama iliyooza, wamesema sumu imeshaingia kwenye damu. Kule juu ya duka la rangi nimekuta kufuli, na kibao kimeng'olewa.

Jana alinishika mkono: “Nilifanya kwa ajili yako.” Shemeji, mimi sikuwahi kulalamika hata siku moja. Nilidhani amenichoka, ndiyo maana ananigeuzia mgongo.

Leo namwita, haitiki. Wamenitoa nje, wamevuta pazia. Njoo.
Shemeji yako