Gogo Mbele ya Nyumba Yetu

Skimu, Barabara ya Msambweni
Septemba 1999

Kwako dada yangu Kaindi,

Shikamoo, dada. Ninakuamkia kwa mikono miwili, na ninaomba barua hii ikukute wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kiwe kimetulia. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Goti la Baba humsumbua asubuhi tu. Ikifika mchana akapata mtu wa kubishana naye, hulisahau kabisa. Mama hajambo, na amenenepa kidogo, ila usimwambie kwamba nimesema.

Ninajua habari zimekwisha kukufikia huko Voi, tena nusu nusu, na kwamba umekasirika kuzisikia kwa watu. Umeambiwa kwamba mdogo wako ameolewa kwa sababu ya dizeli. Si uongo, lakini pia si kweli yote. Keti kitako, mtoto mpe mtu mwingine amshike, nikueleze tangu mwanzo.

Unamkumbuka Kisilu wa Shimba Hills, yule aliyefiwa na mkewe. Ni mtu mwema, sina neno baya juu yake. Lakini siku aliyokuja kuniona alikaa akimweleza Mama jinsi anavyotaka ugali wake usongwe, na maharagwe yake yachemshwe mpaka wapi, nami nimeketi hapo hapo kama sufuria inayotazamwa dukani. Hakuniuliza hata jambo moja. Baba alikuwa amekwisha kukubali. Alisema wenzangu wana watoto wa darasa la saba na mimi bado ninachagua. Ikapangwa kwamba Jumamosi wazee wa Kisilu walete mbuzi wa ntheo. Wewe huhitaji kuelezwa: kwetu Wakamba, mbuzi hao watatu, beberu mmoja na majike wawili, wakishafika uani na beberu akaliwa, binti ni mke wa mtu, na mengine yote ni mapambo. Nililia, nikanuna, nikagoma kula. Baba akasema njaa ikizidi nitakula.

Basi wiki hiyo hiyo mafuta yakapanda tena. Dizeli ilikuwa imepanda baada ya Pasaka, watu wakavumilia. Ikapanda mara ya pili, na mafuta ya taa yakafuata nyuma. Alhamisi alfajiri madereva wa matatu, malori na pikapu wakaziba barabara. Ukunda walifunga kwa mawe na matairi. Upande wetu waliburuta gogo la mnazi wakalilaza kutoka ukingo huu hadi ukingo ule, na wapi? Mbele ya nyumba yetu! Barabara yote hiyo ndefu, dada, na gogo likachagua lango la Mzee Muange. Baba alitoka na fimbo yake akawauliza kama kwao hakuna mahali pa kufunga. Thoya, dereva wa matatu ambaye ndiye msemaji wao, alimwamkia kwa adabu na kumwomba maji ya kunywa. Baba akawapa maji, mtungi mzima, huku akiwatukana.

Kufikia Ijumaa mbele ya nyumba palikuwa pamegeuka soko. Wafanyakazi wa hoteli za Diani walikuwa wakipita kwa miguu, viatu mkononi. Magari yalipangana, watu wakatandika kanga chini ya mikorosho yetu. Naibu wa chifu akaja na baiskeli yake, akaona hawezi kulinyanyua gogo wala kuwafukuza watu, akaona heri aitishe baraza hapo hapo. Sijapata kuona baraza kama lile. Hakuna aliyesinzia.

Thoya alisema wao si wahuni. Alisema akijaza tangi asubuhi, jioni hana cha kupeleka nyumbani, na kwamba walipoandika barua hawakujibiwa, walipotuma wajumbe wakaambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Sasa barabara imefungwa ndipo kila mtu amewasikia. Watu wakapiga makofi. Kisha akasimama Mama Jumwa, yule muuza samaki wa Msambweni mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo, akalifunua beseni lake mbele ya pua ya Thoya. Akamwomba avute pumzi amweleze hao samaki wamemkosea nini. Watu wakapiga makofi tena, wale wale.

Unaujua mdomo wangu. Nilikuwa na magunia ya machungwa yaliyokuwa yaende Ukunda, yameanza kulainika, na moyoni nilikuwa na yangu mengine. Nikasimama. Nikasema aliyepandisha mafuta hapiti barabara hii, wala hajapata kula samaki wa Mama Jumwa. Mkitaka kumbana mtu, nikasema, mbaneni yeye. Ninyi mmemkaba jirani ili mkubwa akohoe. Baba, aliyekuwa akinitazama kwa jicho baya wiki nzima, alipiga fimbo chini kwa furaha.

Aliyesimama kunijibu anaitwa Mwero. Wewe humjui. Ni Mduruma wa Kinango, ana pikapu, na huleta mbuzi kutoka mnadani kwao kwa wachinjaji wa Msambweni. Mimi ninamfahamu kwa sababu husimama kwetu kununua machungwa. Alizungumza polepole, kofia mkononi. Alisema ni kweli jirani ameumia, na yeye hawezi kulitetea hilo. Lakini mafuta yakiachwa yapande kimya kimya, Mama Jumwa atalipa nauli mara mbili, samaki wake hawatanunulika, na ataumia kila siku bila hata gogo la kulilaumu. Kwao Kinango, alisema, watu hununua maji yaliyoletwa kwa lori. Dizeli ikipanda, hata kikombe cha chai kinapanda. Nikamwambia kwamba hayo yote ni kweli, lakini mwenye haki naye huweza kukosea mlango wa kubisha. Akaniuliza basi mlango ni upi. Nikamwambia autafute yeye mwenye pikapu, maana hata mimi sikuujua.

Tulibishana, dada, mpaka jua likatupata pale kivulini. Mwishowe nilisema kama wanataka huruma yetu watufanye tuwe upande wao: wagonjwa, wajawazito na maiti wapite bila kuulizwa, na mizigo ya kina mama ivushwe kwa mikokoteni na baiskeli, tena madereva wenyewe ndio wasukume. Mwero akasema hapo nimemshinda. Ungekuja kuona! Thoya na wenzake, watu wasiopenda kutembea hata kwenda msalani, walisukuma samaki na machungwa hadi Ukunda huku Mama Jumwa akiwafuata nyuma na kuwahimiza. Samaki wachache walitupwa, wengi walifika. Baada ya hapo hata waliokuwa wakilaani mgomo walianza kuleta mihogo ya kuwachomea madereva.

Sasa, kwenye pikapu ya Mwero mbuzi aliowanunua kabla ya mgomo walikuwa wanalia kwa jua. Majirani wakawapokea wengi mazizini mwao, wakabaki watatu. Nikamwambia kwamba kwetu kuna kivuli na maji. Akashukuru. Nikawashika kamba nikawapeleka nyumbani, nikawafunga, nikamwambia Mama kwamba mbuzi wamefika ila wenyewe wamezuiwa na barabara. Kisha nikarudi kwenye machungwa yangu.

Jioni Baba alirudi kutoka barazani akawakuta. Akamzunguka beberu, akawatazama majike, akasema Kisilu ni mwanamume wa ahadi. Ameona barabara itafungwa, akawatanguliza mbuzi kwa miguu. Jumamosi asubuhi aliwaita wazee wawili wa kanisani, Wakamba wenzetu, na beberu akachinjwa. Mimi nilikuwa nje barabarani nikisikia harufu ya nyama ikija.

Mchana Mwero akaja kuwachukua mbuzi wake. Aliingia uani akakuta ngozi imewambwa ukutani, na wazee wameshika mapaja. Akasalimu. Baba akamkaribisha kwa ukunjufu, akidhani ni mtu wa Kisilu, akamuuliza wenzake wako wapi. Mwero akasema hana wenzake, amekuja kuwaona mbuzi wake, na anaona wamepokelewa vizuri. Dada, Baba alikuwa na paja mkononi, akawa hajui aliweke wapi. Ninampenda Baba yangu, na siku ile nilimhurumia, maana mtu kama yeye kula mbuzi wa mtu mwingine bila ruhusa ni aibu ya kumwingiza kaburini. Mwero angeweza kupiga kelele, na barabara nzima ingesikia. Hakupiga. Alivua kofia, akaketi juu ya kinu.

Wazee wakaanza baraza lao. Mmoja akasema hii ni bahati mbaya tu, beberu atafutiwe mwenzake, mambo yaishe. Wa pili, ambaye alikuwa amekwisha kula zaidi, akasema hapana: mbuzi watatu wameingia uani, wamepokelewa kwa vigelegele, beberu ameliwa, na mila haiulizi pikapu ilikuwa inaelekea wapi. Wa kwanza akasema basi aulizwe binti, kwani ndiye anayeolewa. Nikaitwa. Nilisimama mbele yao na kanga yangu ya shamba, maji ya machungwa yamenitapakaa mikononi, wakaniuliza kama waendelee kutafuna ama wateme.

Nikawaambia wameze, nyama ikipoa mafuta huganda.

Mama akapiga kigelegele kimoja kikubwa, kisha akajiziba mdomo akimtazama Baba. Baba akaliweka chini lile paja. Halafu akamgeukia Mwero akamuuliza kama yeye ananitaka, au amekuja tu kudai mifugo. Mwero akajibu kwamba mwanamke aliyemshinda mbele ya madereva wote wa pwani ya kusini, hajui atampata wapi mwingine. Baba akakata ini akampa. Nililia pale pale, na safari hii si kwa kununa.

Gogo liliondolewa Jumatatu, baada ya wakubwa wa wilaya kuja kusikiliza na kuahidi kupeleka kilio mbele. Bei ya dizeli haijashuka, na watu bado wanabishana: wengine wanasema mgomo ulikuwa bure, wengine wanasema angalau tumesikilizana. Baba aliyekuwa akiwaita madereva majambazi sasa anasema vijana wale wana hoja. Ukimuuliza amebadilika lini, anakuanzia habari za goti lake. Kisilu na wazee wake walikuwa wamekwama Ukunda wakarudi kwao. Baba alikwenda mwenyewe Shimba Hills kuwaomba radhi, na Kisilu hakuwa na kinyongo. Alisema barabara ikikufungia, nawe ufikirie kama safari ilikuwa yako. Ninasikia sasa anamtazama mwalimu mmoja wa huko anayejua kupika maharagwe. Mama yake Mwero, Mama Kache, amekwisha kuja kutoka Kinango na wazee wao. Wao Waduruma wana utaratibu wao wa pombe ya mnazi, na kwetu Baba ni mzee wa kanisa, kwa hiyo imeamuliwa kwamba mbele ya nyumba kutakuwa na soda, na nyuma ya ghala hatutauliza.

Sasa dada, sogea karibu, hili si la kumsomea shemeji. Nimekwambia niliwafunga mbuzi uani. Sikuwafunga popote tu. Niliwafunga kwenye nguzo ya ghala, pale pale walipofungwa mbuzi wako wa ntheo. Wala hawakubaki watatu kwa bahati. Majirani walipokuwa wakichukua, mimi ndiye niliyewaelekeza nani achukue yupi, mpaka wakabaki beberu mmoja na majike wawili. Na maneno niliyomwambia Mama niliyapima kabla ya kuyasema. Mwero nimempenda tangu msimu uliopita wa machungwa. Hakuwahi kusema neno, nami nikaona nikingoja anene nitakuwa ninasonga ugali wa Shimba Hills. Sijuti. Nimemwomba Mungu anisamehe, lakini nimemwomba huku ninacheka.

Juzi dhamiri ikanisuta, nikaona si vizuri kuingia nyumbani kwa mtu niliyemtega. Nikamweleza Mwero yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika pikapu yake. Akaniuliza kama ninadhani mtu anaweza kuuza mbuzi mnadani Kinango miaka yote hiyo, nusu ya wanunuzi wake ni Wakamba, asijue beberu mmoja na majike wawili ni wa nini. Alipoona ninawachagua aligeuza uso nisione anavyotabasamu. Na usiku ule, alisema, aliomba mvua isinyeshe, Baba asije akaahirisha kuchinja.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema lolote msimu mzima. Akasema mtu anayesimama kununua machungwa hawezi kukaa zaidi ya machungwa yenyewe. Madereva walipokutana kupanga, Thoya alitaka gogo lilazwe darajani. Yeye Mwero ndiye aliyesimama akasema hapana, mbele ya Mzee Muange ni bora, kuna kivuli na maji. Mgomo ulikuwa wa haki, alisema, na angeufanya hata kama mimi sipo. Lakini kama barabara lazima ifungwe, alitaka ifungwe mahali ambapo angeweza kukaa siku nzima bila kuulizwa anatafuta nini.

Kwa hiyo usichelewe kuja, dada. Harusi ni baada ya mavuno ya korosho, na huwezi kupotea njia. Gogo bado lipo; Baba amekataa lichomwe, amelivuta kando ya lango na kulichonga juu likawa benchi la wageni. Mwambie dereva akushushe hapo. Mama anakusalimu sana, Baba anakusalimu na anataka kubishana na shemeji kuhusu dizeli, na Mwero, ambaye sasa hivi ameketi juu ya gogo lake akimenya chungwa, anasema shikamoo.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Munee