Kuta Zina Wenyewe

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini huko mlikohamishiwa kurekodi umeshazoea baridi, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anaumwa jino lakini hataki kung'oa. Anasema meno yaliyobaki yameshazoeana. Mwanao ameanza kutambaa, na kila kilicho sakafuni ni mali yake.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikairudia. Umesema mgomo wetu umekuharibia tamthilia, kwamba sisi wabunifu wa mandhari na mavazi tunajitia ukubwa, na kwamba mwenye nguvu mpishe. Kaka, tumempisha mpaka migongo imegota ukutani, na ukuta wenyewe tuliupaka rangi sisi. Wewe huingia studio kila kitu kikiwa kimeshasimama, basi acha nikusimulie tulikotoka.

Chama chetu kilizaliwa kwenye stoo ya rangi, siku Msumari alipoanguka. Unamkumbuka, yule seremala mcheshi aliyekutengenezea kiti cha enzi. Jukwaa la mbao lilikatika akifunga dari ya ile ikulu ya tamthilia, akavunjika nyonga. Meneja akasema matibabu hayaihusu kampuni, kwani Msumari si mfanyakazi, ni msanii wa kujitegemea. Mchoraji wetu mkuu, tunayemwita Bi Rula kwa vile havumilii mstari uliopinda, akatuita stooni, tukakaa juu ya makopo. Akatuambia kidole kimoja hakivunji chawa. Tulikuwa wanne tu, na mmoja wetu alikuja kufuata brashi yake, akabaki.

Tulipoomba chama kisajiliwe, wakili wa kampuni alipinga. Alidai sisi ni wasanii, na msanii hana mwajiri. Tulipodai majina yetu yaonyeshwe mwishoni mwa tamthilia kama ya wasanii wengine, meneja akajibu kuwa sisi ni mafundi tu, na kwamba hakuna mtu anayewasha televisheni kutazama kuta. Tukawa popo, si ndege si mnyama. Msajili naye alitukatalia, tukarudi, akatukatalia tena. Kila mara Bi Rula alimuaga kwa adabu na kumwambia wataonana wiki ijayo, kama mtu anayeagana na msusi wake. Mwishowe nadhani alitusajili ili apumzike.

Kampuni ilipokataa hata kukaa nasi mezani, ndipo tukagoma. Hatukuvunja kitu. Tulisuuza brashi, tukatoka, ikulu ikabaki nusu imepakwa. Wao wakajitia hawajali, wakarekodi vivyo hivyo. Ulipita humo kwa madaha yako yote, na nyuma yako mbao tupu zimeandikwa kwa chaki, "dirisha hapa". Nchi nzima ilicheka. Unisamehe, nasi tulicheka. Kumbe watu hutazama kuta.

Ndiyo maana waliwahamisha, wakakodi wapaka rangi wengine huko. Kisha meneja akaniita ofisini. Alinipa kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniahidi ukuu wa idara nzima nikijitoa chamani.

Nikamuuliza, "Niongoze nani, na wenzangu wote wako nje?"

Akabadili sauti. Akataka basi nimtajie katibu wetu, anayeandika vile vikaratasi vinavyobandikwa langoni na kutia sahihi ya "Sindano". Ni huyo huyo ambaye wewe, katika barua yako, umemwita mchochezi asiye na haya wala kwao. Nikamjibu meneja kwamba simjui. Nilidanganya, na sijuti.

Lakini wewe sitakudanganya. Sindano ni wifi. Ndiyo, mkeo. Majoho yote unayosifiwa nayo yametoka mikononi mwake, na jina lake halijaonekana hata mara moja. Alijificha kwa ajili yako, asije akakuponza ukanyang'anywa nafasi. Sasa amechoka kujificha. Nilimsihi akuandikie mwenyewe, akasema akianza hatamaliza bila kukutukana, na anakupenda. Akanipa neno moja nikufikishie.

"Mwambie siombi ruhusa. Nataka ajue tu."

Tumesikia Jumatatu mnarudi kurekodi kutawazwa kwako kwenye ukumbi mkubwa wa hapa. Lango unalijua, ni lile moja, nasi wagomaji tutakuwa tumesimama hapo. Wifi atasimama mbele kabisa, uso wazi, mtoto mgongoni. Nimewaomba wenzangu, na wamekubali: ukiamua kupita, hakuna atakayekuzomea. Utapita kimya kimya. Lakini utapita mbele yake, kaka, na mimi sitatazama pembeni.

Mama anakusalimu, anakukumbusha uvae sweta. Wasalimie waigizaji wenzako wote, hata wale wasiotujibu salamu. Nakutakia safari njema na afya.

Ni mimi mdogo wako,
mbunifu wa mandhari.

Na mwenzangu aliyeketi hapa kando ameniomba kalamu, atie sahihi kwa mkono wake:

Mkeo,
Katibu wa Chama.