Mstari Nilioukalia Kimya

Mbagala, Temeke

Shikamoo Baba,

Goti linasemaje na baridi ya Songea? Mama bado anakuficha chumvi? Mimi mwili mzima, ila moyoni nina wivu, nakwambia wazi. Nikikupigia, simu inatumika. Nikigeuka namwona Zuhura, mwenzangu hapa karakana, simu sikioni, anacheka: "Ndiyo, Baba." Baba yake nani?

Ile kompyuta kuukuu inayoendesha mashine yetu ya kuchonga milango ni ya aina uliyofundishia chuoni. Ncha ya mashine ilikuwa ikimega maua ya nakshi kila ikifika kona, nikahangaika nayo miezi. Nikampa Zuhura namba yako, na simu ya kwanza tu ukamfungulia siri: programu iliyotoka nayo kiwandani imeacha nafasi tupu kwenye kumbukumbu, ukiandika humo anwani ya kijiprogramu chako, yaani mahali kilipokaa, kompyuta yenyewe itakiita kwenye kona, kiinue ncha, kisha kiirudishe kompyuta kwenye kazi yake. Mimi mwanao ulinifundisha kulitembeza jina langu kwenye kioo cha kompyuta, basi. Ya nafasi tupu hukunigusia hata siku moja, na inaniuma.

Siku ya Jumanne Zuhura akanipa karatasi aliyoandika kijiprogramu chake. "Sista, nipitishie macho, mie nimechoka." Nikaona palepale: mstari wa mwisho, ule wa kuirudisha kompyuta kwenye kazi yake, hakuuweka. Nikamwambia iko sawa.

Kompyuta iliingia kwenye kijiprogramu, ikakosa pa kurudi, ikaanza kufanya mambo yake. Ncha ikashuka ikatoboa mlango wa mninga wa mteja wa Sinza hadi upande wa pili. Fundi mkuu akafoka. Zuhura akanitetea, "Nimekosea mie, fundi. Neema hahusiki."

Kisha akakupigia, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Ukamwambia, "Mpe Neema akague. Jicho lake halipitwi na kosa. Hata mimi alikuwa akinisahihisha yuko darasa la tano."

Zuhura akanitazama, Baba. Akakushukuru, akakata simu.

Mstari nimeuweka, na mashine inachonga vizuri. Hajaniuliza kitu. Kesho nitamwambia mwenyewe kwamba niliona haupo, na mlango nitauchonga upya kwa mkono wangu.

Nisalimie Mama, shangazi mshona sare, na kaka wa mashine ya kusaga.

Sifa ile nimeingoja tangu utotoni, nikaisikia kwenye simu ya mwingine, siku ambayo sikuistahili. Ukipata nafasi, nipigie mimi.

Binti yako,
Neema