Nimempiga Shemeji kwenye Kompyuta ya Baba

Jumapili, jioni. Joto la Usagara leo linakaanga watu, na mkono wangu wa kulia umevimba hata kuandika ni taabu.

Nimempiga shemeji yangu. Si kofi la hasira, la. Nimempiga ngumi mpaka jino likatoka.

Tangu asubuhi mimi na Bakari, mume wa mdogo wangu Mwanahawa, tulikuwa tunaunganisha kompyuta tatu hapa nyumbani ili sote watatu, pamoja na Mwanahawa, tucheze mchezo wa vita. Tumetoboa ukuta wa chumbani, tumepitisha waya mpaka sebuleni, tumechomeka kwenye swichi ya kuziunganisha. Saa mbili nzima kompyuta hazionani, kumbe waya mmoja nilibana kichwa chake vibaya. Bakari kanicheka, nami nikamtukana, mambo yetu ya siku zote.

Kompyuta moja ilikuwa ya marehemu baba, na ndiyo aliyotumia Bakari. Jina la baba lililokuwa ndani yake sikulibadilisha. Mchezo wenyewe huchukua jina la kompyuta ukampa mchezaji.

Baada ya adhuhuri tukaanza. Nikamvizia Bakari nyuma ya gari bovu, nikammiminia risasi. Kwenye vioo vyote vitatu yakatokea maandishi: Hamisi amemuua Mzee Salimu.

Bakari akaruka na kiti. "Loo! Jamani oneni! Mwana kamuua babake!"

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka nimemkaba shingo, uso wake naugonga mezani, damu inaruka kwenye kibodi. Alipoinua kichwa aniulize kulikoni, nikamshindilia ngumi. Hiyo ndiyo iliyong'oa jino. Nikaongeza nyingine. Wallahi, niliona raha, Mungu anisamehe.

Mwanahawa aliniuma mkono ndipo nikamwachia.

Mtani hakasirikiwi, hilo nalijua tangu utotoni. Siku ya matanga Bakari huyuhuyu alivaa kanzu ya baba, akaiga kikohozi chake, akadai hatuli wali mpaka marehemu apewe sahani yake. Watu walicheka huku wanalia, mimi nikiwamo. Leo kafanya lilelile, tena kwa kidogo.

Mwanahawa kamfunga mumewe kanga mdomoni, wakatoka kurudi kwao Pongwe. Mlangoni akageuka. "Kaka, usiponiambia Bakari kakukosea nini, mimi na wewe basi. Hapa sikanyagi tena."

Tumezaliwa wawili tu. Wazazi wote wameshatangulia.

Nilimjibu ni hasira tu.

Uongo.

Siku ile baba aligonga mlango wangu mchana kweupe, akasema kifua kinambana, nimpeleke hospitali. Nilikuwa katikati ya mchezo. Nikamwambia bila kugeuka, "Subiri baba, nimalize hii." Sijui nilikaa muda gani. Nilipotoka nilimkuta kwenye kiti cha ukumbini, kofia kichwani, viatu miguuni, amekwisha kukata roho.

Nilimvua viatu, nikambeba mpaka kitandani, ndipo nikapiga kelele watu waje. Wote niliwaambia amefia usingizini. Mwanahawa mpaka leo hujifariji kwa hilo, husema baba yetu hakuteseka.

Kesho nikishaswali alfajiri nakwenda Pongwe. Bakari nitamwomba radhi mbele ya mkewe. Kisha nitamwambia Mwanahawa kwamba baba alikuwa ameshavaa viatu, ananisubiri.