Shomoro Mweupe Uani kwa Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu tele, wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wa wifi umepoa. Sisi huku wazima, ila koo langu limekwaruzwa na vumbi la msasa.

Tumepata mgeni. Kati ya shomoro wanaookota chenga za mchele chini ya kamba ya nguo, yumo mmoja mweupe pe. Baba alipomwona tu, akanigeukia mimi: eti nimeacha kopo la rangi wazi tena, ndege wa watu katumbukia. Nilijitetea wee, wapi! Ikabidi nimwite jirani yetu daktari wa mifugo, akaeleza kwamba ndege huyo haumwi wala hajamwagikiwa na kitu. Kazaliwa hivyo, manyoya yamekosa rangi. Baba akaguna tu. Kuniomba radhi hakuniomba, unamjua.

Tangu hapo kila asubuhi hutoa kiti uani kumngoja. Siku moja nilimuuliza, katika kupiga soga, leo wamekuja wangapi. Akasema yupo yule mmoja, maskini, wenzake wamemtenga. Kaka, walikuwa kumi na wawili! Wamemzunguka, wanagombania naye chenga zile zile. Wale wa kahawia, juu ya udongo wa kahawia, Baba hakuwa akiwaona kabisa. Nikaingia jikoni nikalia.

Nilimbembeleza wiki tatu aende hospitali. Akakataa katakata, fundi rangi gani, alisema, anakwenda kutangaza kwamba haoni. Mwishowe nikamwambia habari za wale kumi na mmoja. Akauliza kama kweli wanakula naye. Kesho yake tukaenda. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto ni mwezi ujao.

Bandeji ilipotoka, akatoka uani na kuwahesabu kwa sauti mpaka kumi na wawili. Halafu akanigombeza. Yule ndege si mweupe, alisema, ni rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai, na mabawani ana kahawia kidogo. Mimi kutwa namwita mweupe na bado najiita fundi! Nikasogea nikamtazama vizuri. Baba alisema kweli.

Sasa nisikufiche tena, kaka. Unaukumbuka ukuta wa sebule ya mwalimu mkuu, nusu kijani hiki, nusu kijani kile? Ulinicheka mbele ya watu, ukasema nirudi kwenye cherehani. Ile rangi sikuichanganya mimi. Aliichanganya Baba. Alisimama pale anautazama ukuta kwa fahari, akisema umetoka sawasawa, nami nikashindwa kufungua mdomo. Lawama nikazibeba. Nilidhani namsitiri, kumbe nimemchelewesha kutibiwa mwaka mzima, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jana nilimwambia yote. Alikwenda kuchukua ovaroli yake, akauliza kopo la kijani liko wapi. Jumatatu tunarudi kwa mwalimu: yeye atachanganya, mimi nitapaka.

Nibusie watoto, na wifi mwambie shangazi yao anamkumbuka. Baba naye anakusalimu, na anasema uje Jumatatu utushikie ngazi, kwa kuwa wewe ndiye uliyecheka sana.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi